Mstari Mweusi wa Patrick Caulfield

Mstari mweusi haumfichii mchoraji kosa. Rangi inayochanganywa polepole inaweza kufutwa, ikafunikwa, ikapakwa upya. Mstari ukipinda, umepinda mbele ya kadamnasi. Patrick Caulfield, aliyezaliwa London mwaka 1936, aliutegemea mstari huo tangu ujana, na katika sanaa ya pop ya Uingereza sijaona mkono uliotulia kuliko wake.

Alisoma Royal College of Art kuanzia 1960 hadi 1963, wakati wasanii wengi wa rika lake walivutwa na matangazo na nyota wa sinema. Yeye alichora jagi, taa, kiti, dirisha: vitu ambavyo jicho huvipita bila salamu. Jina la msanii wa pop lilimganda ingawa hakulipenda. Moyo wake ulikuwa kwa Juan Gris, mchoraji wa kubizimu wa Paris, ambaye Caulfield alimchora mwaka 1963 katika suti ya buluu, nyuma yake njano tupu. Miaka hiyo alitumia rangi ya kupakia milango, juu ya hadibodi. Rangi hiyo hung'aa, na Caulfield aliilaza bila kuacha alama ya brashi.

Kisha ukaja mchoro *After Lunch*, 1975. Mkahawa mzima umezama katika buluu. Viti, meza, hata mhudumu aliyeegemea akipumzika, vyote ni mistari tu. Ila ukutani kuna picha ya ngome ya Chillon, kando ya Ziwa Geneva, yenye undani wa fotografia. Ukiitazama unaapa imebandikwa, kumbe imechorwa kwa mkono. Mtu mwenye uhai amebaki umbo tupu. Pambo la ukutani ndilo limepewa nyama na damu. Hapo namvulia kofia. Ukavu wa mistari yake haukutokana na kutojua: aliweza kuchora kila kitu, akachagua kuacha.

Uzeeni akauacha hata mstari wenyewe. Taa na glasi zikawa zinatambulika kwa vivuli vyake, au kwa pande la mwanga lililoangukia ukuta. *Braque Curtain*, mchoro wake wa mwisho, ni wa 2005, mwaka aliofariki. Jina la mchoro huo linamtaja Georges Braque, aliyekuwa pamoja na Gris katika kuijenga sanaa ya kubizimu: Caulfield alikuwa bado anajibizana na mafundi wale wale wa Paris.