Emmanuel Jal: ufundi wa kuimba vita ulivyopigana

Wimbo wa vita huharibika kwa njia mbili: kumlilia msikilizaji hadi achoke, au kumsisimua kwa bunduki hadi awasahau waliokufa. Kwa kijana wa Katonga, Kigoma, anayetaka kurekodi wimbo wa aina hiyo, akiwa mahali ambapo ng'ambo ya ziwa ni Kongo na mkoani mwake kambi ya Nyarugusu imepokea wakimbizi tangu 1996, kazi ya kuichambua ni ya Emmanuel Jal.

Jal alizaliwa kusini mwa Sudan karibu na 1980. Akiwa mtoto alipelekwa Ethiopia, akafunzwa silaha na waasi wa SPLA, akapigana. Emma McCune, mfanyakazi wa misaada kutoka Uingereza, alimtorosha kwa ndege hadi Nairobi. Huko ndiko alikoanza kuimba.

Ufundi wake wa kwanza ni lugha. Katika "Gua", uliovuma Kenya mwaka 2005, alichanganya Kiarabu, Kiingereza, Kiswahili, Kidinka na Kinuer. Mchanganyiko huo si urembo. Kiarabu ni lugha ya serikali aliyopigana nayo. Kidinka na Kinuer ni lugha za makabila mawili ambayo wapiganaji wake waligeukiana SPLA ilipogawanyika mwaka 1991. Wimbo wa amani unaowaweka wote hao katika mdundo mmoja umeanza kufanya kazi kabla hujatafakari maneno yake.

Wa pili ni kuchagua mwenza. Albamu ya Ceasefire ya 2005 aliifanya na Abdel Gadir Salim, Mwislamu wa kaskazini na mpiga udi mashuhuri wa muziki wa Kordofan. Jal anarapu, Salim anaimba kwa mtindo wake. Hakuna anayelazimishwa kumwiga mwenzake. Suluhu inasikika katika mpangilio wenyewe wa muziki.

Wa tatu ni nafsi ya msimulizi. Katika albamu ya War Child ya 2008, "Forced to Sin" unasimuliwa na mtoto aliyetendewa uovu, naye akalazimishwa kuutenda. Hajipambi kuwa shujaa wala hajitakasi. Ndiyo maana anapomkosoa rapa wa Marekani katika "50 Cent" kwa kuzipamba bunduki, lawama ina uzito: anayesema amezishika.

Filamu ya War Child, yenye jina la albamu, ya mwongozaji Karim Chrobog, ilitoka mwaka huohuo na inamwonyesha Jal akirudi Sudan kuonana na jamaa zake baada ya miaka mingi. Kwa kuwa nyimbo zilikwisha kusema yaliyotokea, safari haihitaji kueleza kila kitu. Tunamtazama tu akiwa tena mbele ya watu wake.

Kasoro ipo. Albamu ya War Child imeegemea mno Kiingereza. Ilimfikisha kwenye majukwaa makubwa ya Ulaya, lakini ilimpunguzia bibi wa kijijini kwao nafasi ya kuelewa mjukuu anasema nini. Kiufundi, "Gua" bado ndiyo kazi yake bora.

Kigoma ina Kiha, Kimanyema, Kibembe, Kirundi na Kiswahili, na mwaka 2012 wasanii wake walikwishaonyesha kwa "Leka Dutigite" kwamba jina la Kiha haliuzuii wimbo kuvuma nchi nzima. Mtayarishaji wa Katonga atakayepata msimulizi aliyeiona vita asianze na biti. Aanze kwa kuuliza wimbo huu lazima ueleweke na nani, kisha achague lugha.