Kubana na Kubanua: Uhakiki wa Istilahi Moja ya Kiini cha Kompyuta

Kazi ya kukitafutia Kiswahili istilahi za kompyuta imekwisha kupiga hatua ambayo haifai kudharauliwa. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisini yenye maagizo ya Kiswahili. Makampuni makubwa ya ng'ambo nayo yakafanya kazi ya namna hiyo, hata leo mwenye simu ya mkononi aweza kuitumia kwa Kiswahili tangu kuiwasha hadi kuizima. Walakini, tukiyatazama maneno hayo kwa makini, twaona kwamba mengi yao ni maneno ya ngozi ya juu: kubofya, kuhifadhi, kuchapisha, kufuta. Mle ndani, pale chombo kinapotawaliwa, Kiswahili chetu hakijazoea kuingia.

Makala haya yanahakiki istilahi moja tu kati ya zile zilizokwisha kuzoeleka, nayo ni kuweka upya, ambayo ni tafsiri ya neno la Kiingereza reset. Hoja yangu ni kwamba istilahi hiyo yafaa juu na haifai ndani, na kwamba sarufi ya Kiswahili yenyewe inayo dawa ya upungufu huo.

I

Yapasa kwanza nilieleze jambo lenyewe, maana istilahi haiwezi kuhukumiwa na mtu asiyekijua kitu kinachotajwa.

Kiini ni ile programu inayosimama kati ya programu nyingine zote na maunzi. Mfano mashuhuri ni Linux, kilichoanzwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, ambacho leo ndicho kilichomo ndani ya simu za Android. Kila chombo kilichounganishwa na kompyuta kina kipande chake cha programu ndani ya kiini, cha kukiongoza. Kipande hicho wengine wamekiita kiendeshi. Lakini neno hilo limekwisha kutumiwa pia kwa chombo cha kuwekea kumbukumbu, na vitu viwili vinavyokaa katika sentensi moja havistahili jina moja. Hapa nitakiita kiendeshaji, kwa kuwa kiambishi -aji chaonyesha mtendaji wa kazi ya kila siku.

Sasa tazama ndani ya kompyuta ndogo, kama ile iliyomo katika simu. Mna vyombo vingi: kimoja cha kamera, kimoja cha sauti, kimoja cha mtandao. Vingi vya vyombo hivyo vina uzi maalumu wa umeme unaotoka katika chombo cha utawala. Uzi huo ukiwa katika hali moja, chombo hushikwa kimya, hakifanyi kazi yoyote, na hali zake za ndani hurudishwa kama zilivyokuwa mwanzo. Uzi ukigeuzwa hali, chombo huachiliwa kikaanza kazi tangu mwanzo. Kati ya kushikwa na kuachiliwa lazima upite muda ambao mtengenezaji ameutaja. Pengine ni sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini ni muda.

Mwaka 2013 Philipp Zabel alileta mpango mmoja wa kuzitawala nyuzi hizi, ukaingia katika toleo la 3.10 la Linux. Katika mpango huo mna maagizo matatu makuu. La kwanza, reset_control_assert, hukitia chombo katika hali ya kushikwa. La pili, reset_control_deassert, hukitoa katika hali hiyo. La tatu, reset_control_reset, huyafanya yote mawili kwa mfuatano. Msomaji ataona mara moja kwamba neno ambalo sisi tumelitafsiri kwa kitenzi kimoja limegawanyika kuwa matendo mawili na hali moja iliyo kati yake.

II

Kuweka upya ni usemi unaotaja matokeo. Mtu akiambiwa aweke upya neno lake la siri, huelewa kwamba la zamani litakwenda na jipya litakuja. Wala hana haja ya kujua yanayopita katikati. Kwa kazi hiyo usemi huu ni mwema, tena ni wa Kiswahili safi, na sioni sababu ya kuuondoa.

Lakini uchukue usemi huo uutie ndani ya kiini, uone utakavyoharibika. Tuseme agizo la kwanza ni kuweka upya. Je, la pili tuliiteje? Mfasiri anayefuata neno kwa neno ataandika kuondoa uwekaji upya. Msomaji wake atafahamu nini? Atafahamu kwamba tendo la kwanza limetanguliwa, kwamba chombo kitarudishiwa yale kiliyokuwa nayo kabla ya kuwekwa upya. Huo ni uongo mtupu: chombo kilichoachiliwa hakirudishiwi kitu, bali huanza. Hapa kosa si la lafudhi wala la umbo. Ni kosa la maana, na kiendeshaji kitakachoandikwa na mtu aliyefahamu hivyo kitakuwa na kasoro.

Tena kuweka upya hakuna muda. Twaweza kusema "chombo kimeshikwa tangu umeme ulipokuja" na kila mtu akaelewa. Tukisema "chombo kimewekwa upya tangu umeme ulipokuja," tumesema jambo jingine kabisa, yaani kwamba kazi imekwisha na chombo ki tayari. Sentensi ya kwanza yatuonya kwamba chombo hakijaanza; ya pili yatutuliza kwamba kimeanza.

Wapo watakaosema: basi tumieni washa na zima. Hao nao watapotea, kwa sababu hali ya uzi si sawa na hali ya umeme. Katika vyombo vingi uzi hushika pale umeme unaposhuka, na huachilia pale unapopanda. Katika vingine ni kinyume. Hata kiendeshaji chepesi kinachoitwa reset-simple hakina budi kubeba alama ya kueleza kama biti ya chombo fulani yafahamika moja kwa moja au kwa kinyume chake. Agizo la kiini hutaja kusudi, si volti. Kwa hiyo neno tutakalolichagua lisitaje umeme.

III

Twahitaji, basi, jozi ya vitenzi: kimoja cha kutia katika hali, cha pili cha kutoa katika hali ile ile. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali, kwani lugha yetu ina mnyambuliko wa kutendua, ambao kazi yake ndiyo hiyo. Twafunga na kufungua, twakunja na kukunjua, twaziba na kuzibua, twatega na kutegua. Kitenzi cha pili hakikanushi cha kwanza. Hukitangulia kitenzi hicho kuwa kweli ndipo chenyewe kiweze kutendeka. Hakuna azibuaye kisichozibwa.

Wa kwanza kujitokeza ni funga na fungua. Ni maneno mazuri, lakini yana mizigo mingi. Fundi akifunga mashine, ameisimika. Akifunga saketi, amefanya umeme upite. Mwenye kompyuta akifunga programu, ameacha kuitumia. Istilahi yenye maana tatu katika karakana moja haitamsaidia mtu.

Wa pili ni zuia na achilia. Maana zake ziko karibu na jambo lenyewe, na ndiyo maana nimetumia achilia katika maelezo yangu hapo juu. Walakini maneno haya mawili si ndugu wa shina moja. Anayeyasoma kwa mara ya kwanza haoni kwa umbo lake kwamba moja latendua jingine. Aidha, zuia limekwisha kutwaliwa na simu kwa kumkataza mtu asikupigie.

Wa tatu ni bana na banua. Kubana ni kushika kitu kwa kukikaza pande zote kisijongee, bila kukivunja. Na kilichobanwa hubaki kizima, kikingoja kubanuliwa. Sioni neno lililo karibu zaidi na hali ya chombo kilichoshikwa na uzi wake. Kutokana na shina hilo twapata jamaa nzima ya istilahi: uzi wa mbano, kidhibiti mbano, yaani chombo kinachotawala nyuzi hizo, na kibanwa, yaani chombo kinachoshikwa. Agizo la tatu litakuwa pigo la mbano: bana, ngoja, banua. Wingi wa mbano uwe mibano, ili usichanganywe na mabano ya mwandishi.

Najua pingamizi litakaloletwa, kwamba banua halisikiki sana vinywani. Ni kweli. Lakini istilahi hupimwa kwa kuuliza kama msikilizaji aweza kuifikia maana kwa njia ya maneno anayoyajua, hata kama neno lenyewe ni geni kwake. Kwa kipimo hicho nimemchagua msikilizaji wa bara, tena mbali na vyuo: mwanafunzi wa Migato, kata ya wilaya ya Itilima mkoani Simiyu, ambayo zamani ilihesabiwa katika wilaya ya Bariadi, kabla mkoa huo haujaundwa mwaka 2012. Lugha ya asili huko ni Kisukuma. Kiswahili ndicho lugha ya shule ya msingi. Na Kiingereza humkuta mwanafunzi kama lugha ya masomo akifika sekondari.

Mwanafunzi huyo hana shida na mnyambuliko wa kutendua, kwa kuwa anao nyumbani. Kisukuma, kama lugha nyingi za Kibantu, kina kiambishi hicho hicho, ila chenyewe kimeihifadhi sauti l ambayo Kiswahili imeidondosha. Nasi hatukuidondosha yote: twasema fungua, lakini mlango hufunguliwa; twasema banua, lakini kibanwa hubanuliwa. Kwa hiyo jozi ya bana na banua itamfikia kwa njia mbili, ya Kiswahili na ya lugha ya mama yake. Hali kuondoa uwekaji upya hakutamfikia kwa njia yoyote.

IV

Istilahi njema hujulikana inapotiwa katika jambo gumu. Katika mpango wa Linux uzi wa mbano waweza kuwa wa kibanwa kimoja, au waweza kuwa wa shirika, ukivishika vibanwa viwili au vitatu kwa pamoja. Uzi ukiwa wa pekee, kiendeshaji kikiamuru bana, uzi hubana. Ukiwa wa shirika, mambo hubadilika: wa kwanza kuamuru banua ndiye anayebanua, lakini uzi haubani tena mpaka kila aliyeomba kubanuliwa awe ameamuru bana. Kiini huweka hesabu.

Mfano wake ni zizi moja lenye ng'ombe wa nyumba tatu. Anayetangulia kutaka kuwatoa ng'ombe wake hufungua lango. Wala haliwezi kufungwa madhali hata nyumba moja ingali na mifugo nje. Mtoto wa wafugaji wa Usukuma hahitaji mwalimu kwa jambo hilo. Na tazama jinsi sentensi inavyokaa: "Katika uzi wa shirika, kuamuru bana si kubana." Maneno machache, na hatari yote imo. Kiendeshaji kinachotegemea kwamba kibanwa kimebanwa kwa yakini, kisha kikaandika juu ya dhana hiyo, kitaharibika siku ambayo mwenzake hajamaliza kazi. Jaribu kuisema sentensi hiyo kwa kuweka upya, uone kama itasimama.

V

Hapa nafika katika sababu iliyonifanya nilipeleke jambo hili mbele ya wataalamu wa lugha, badala ya kuwaachia mafundi.

Kiendeshaji hakiingii katika kiini kwa kuandikwa tu. Hupitiwa kwanza na mtu mwingine. Tangu mwaka 2004 mwandishi wa Linux hutia jina lake chini ya kazi, kuthibitisha kwamba ana haki ya kuitoa. Mwenye kuipitia naye aweza kutia lake, akishuhudia kwamba ameichunguza na kwamba maswali yake yamejibiwa, ingawa hadhamini kwamba haina kasoro. Maswali yenyewe ni ya aina hii. Je, muda uliotajwa na mtengenezaji umengojwa kabla ya kubanua? Je, uzi ni wa pekee au wa shirika? Je, rejista inalindwa? Maana mara nyingi rejista moja ina biti 32, kila biti na uzi wake. Anayetaka kubadili biti moja huisoma rejista nzima, huibadili hiyo moja, kisha huiandika nzima. Wawili wakifanya hivyo kwa wakati mmoja pasipo kufuli, wa mwisho hufuta kazi ya wa kwanza bila kujua.

Kazi hiyo Kiswahili kina jina lake, nalo ni uhakiki, lile lile tunalolitumia kwa mashairi na riwaya. Kuhakiki, haki na hakika ni maneno ya shina moja la Kiarabu. Mhakiki ni mwenye kuthibitisha kilicho kweli. Mtu aweza kunakili agizo la Kiingereza bila kulifahamu, na kompyuta ikamtii. Lakini hawezi kuhakiki bila kufahamu, kwani kuhakiki ni kumwambia mwenzako, "Hapa umekosa, na sababu ni hii." Sababu hutaka lugha ambayo msemaji anaimiliki.

Madhali istilahi zetu zimeishia juu, mwanafunzi wa Migato ataweza kuwa mtumiaji wa kompyuta kwa Kiswahili. Ila akitaka kuwa mhakiki wake, hana budi kwanza kuiacha lugha yake mlangoni. Silaumu wenzetu waliotutangulia. Waliyatafsiri yale waliyoombwa kuyatafsiri. Lakini yafaa sasa orodha za istilahi zianze kutungwa kutoka ndani kwenda nje, kila neno likijaribiwa ndani ya sentensi ya kazi kabla ya kuwekwa katika kamusi. Jozi ya bana na banua naileta kama pendekezo. Atakayeona jozi iliyo bora na ailete, mradi aipitishe katika majaribio matatu: ionyeshe hali na si tendo pekee, isitaje umeme, na isimame imara katika sentensi ya uzi wa shirika.