Skrubu Ndogo Kando ya Kichwa

Kaseti ililetwa kwangu Kalengera imefungwa kwenye kipande cha kitenge. C90, dakika 45 kila upande. Ndani yake muzee mmoja anataja ukoo wake, baba hadi babu wa babu. Lava ya Nyiragongo ilipopita katikati ya Goma tarehe 17 Januari 2002, nyumba yao iliungua. Kaseti ikapona kwa kuwa shemeji alikuwa ameiazima.

Niliizungusha yote kwa kalamu ya Bic, mbele na nyuma, maana utepe wa C90 ni mwembamba na ukikaa miaka bila kuguswa hunata. Kichwa cha redio nikakipangusa kwa pamba na alkoholi. Pamba ikatoka nyeusi. Nikabonyeza. Binti wa muzee, mama wa makamo sasa, akasikiliza kidogo, akasema: "Ni papa kweli, lakini njo kama amejifunika blanketi."

Wengi hapo hukimbilia ordinatere wapandishe sauti kali kwa programu. Sauti ambayo redio haikuisoma, ordinatere itaitoa wapi?

Utepe hupita mbele ya kichwa kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Kwa hiyo wimbi moja la hetzi 10,000 hukaa kwenye nafasi isiyofika mikromita 5. Redio iliyorekodi ikiwa kichwa chake kiliinama kidogo, na changu kimesimama wima, ule mwanya wa kichwa hugusa mawimbi kadhaa kwa mpigo, nayo yanafutana. Sauti nzito hubaki, kali hupotea. Dawa ni skrubu ndogo kando ya kichwa, ile yenye springi. Nikaunganisha chaneli mbili ziwe moja, maana hapo kosa husikika upesi, nikazungusha bisibisi taratibu. Haikufika robo ya mzunguko. Muzee akataja Masisi, na s zote mbili zikakata hewa.

Ukabaki mngurumo wa hetzi 50, ule wa umeme wa ukutani. Kwa bahati umeme ukakatika! Redio ikacheza kwa betri, ordinatere kwa yake, kimya kikaingia. Siku hizi nachomoa waya mwenyewe.

Nilipitisha sauti kwenye kisanduku cha USB, si tundu la maikrofoni, ambalo kwa laptop nyingi lina chaneli moja na huikwaruza sauti. Sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24, WAV: upande mmoja karibu megabaiti 780. MP3 ya kutuma kwa simu ilitolewa baadaye.

Katikati ya upande wa pili mvua inapiga mabati. Nilijaribu kuiondoa kwa programu ya Audacity, kwenye nakala. Muzee akawa kama anasemea ndani ya bomba la maji. Nikaifuta nakala hiyo. Mama akauliza kwa nini naiacha mvua. Kabla sijajibu, muzee akakatiza hesabu ya mababu, akaagiza mtu afunge dirisha. Mama akacheka: aliyetumwa ni yeye.