Pongezi kwa Wafunga Turubai wa Kagongwa

Kagongwa, mji ulio wilayani Kahama mkoani Shinyanga, unajulikana kwa mashine za kukoboa mpunga na soko la mchele, lakini sifa hiyo isingevuka mipaka ya mkoa bila kazi ya utingo, yaani msaidizi wa dereva wa lori, pamoja na wapakiaji wanaofunga turubai juu ya shehena. Turubai ni kitambaa kizito kisichopitisha maji, na kulifunga ni ujuzi kamili, kwa kuwa mchele ukilowa huvunda na kuota ukungu, na msimu wa mvua mkoani humo huwa takribani kuanzia Novemba hadi Aprili.

Magunia hupangwa yakiinuka katikati ili maji yateremke pembeni badala ya kutuama. Turubai la nyuma hutandikwa kwanza, kisha la mbele hulilalia, ili upepo wa mwendo usipate upenyo wa kulifunua. Kamba hupitishwa kimkingamo na kukazwa kwenye ndoano za bodi kwa fundo la kitanzi, ambalo huongeza nguvu ya kuvuta kama kapi na hufunguka bila kukatwa. Kwa kuwa magunia hushuka kwa mtikisiko na kamba hulegea, fundi makini huzikaza tena baada ya mwendo mfupi.

Wafanyabiashara wa mchele wanapaswa kuutambua ujuzi huu kwa ujira wa haki, kwani ndio unaofikisha shehena sokoni ikiwa kavu.