Ndege za Rufiji na Ushahidi wa Upatanisho

Historia ya ndege za vita katika Afrika Mashariki aghalabu huanzia Rufiji, na ni haki. Manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza huko Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha katika matawi ya mto huo, nyuma ya mikoko. Waingereza walijua ilipo, lakini kuilenga kulihitaji macho ya angani. Ndege za kwanza zilizotua majini zilishindwa na joto. Baadaye kiwanja kilifyekwa Mafia, na tarehe 11 Julai 1915 Cull na Arnold waliruka kutoka huko, wakaiongoza mizinga ya Severn na Mersey kwa simu ya upepo. Ndege yao ilipigwa, nao wakaendelea kupeleka ishara huku wakishuka mtoni. Wote wawili waliokolewa, Königsberg haikuokoka.

Hayo twayajua kwa undani kwa kuwa marubani na mabaharia waliandika, na maandishi na picha zao zimehifadhiwa. Sina ugomvi na hifadhi hiyo. Ugomvi wangu ni na yale mazoea ya kuwaingiza watu wa Mafia na wa Rufiji kwa sentensi moja tu, ati walidhani wameona ndege mkubwa, na neno letu lenyewe likatolewa kuwa thibitisho.

Thibitisho hilo halisimami. Asemaye "ndege ameanguka" na asemaye "ndege imeanguka" hawasemi jambo moja: upatanisho wa kwanza ni wa kiumbe, wa pili ni wa chombo. Kiingereza hakina tofauti hiyo katika kitenzi, hivyo tafsiri huifuta dalili ile ile ambayo mwanahistoria anaitafuta. Tena, ndege kwa Waswahili ni fali pia, iwe njema au mbaya. Mzee akisema, "Ile ilikuwa ndege mbaya kwetu," ataja chombo au ataja fali? Hapo hata upatanisho hautusaidii. Lazima tuisikie kauli nzima.

Kadhalika rubani, ambaye aliongoza vyombo vya baharini kabla hajapanda angani. Katika matawi ya Rufiji, ambako chombo hakipiti salama bila mjuzi wa mikondo, mtafiti asiyeuliza "rubani yupi?" aweza kumrusha angani mtu ambaye hakupata kutoka majini.

Aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1915 hatunaye tena. Lakini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipowahoji wazee juu ya Maji Maji katika miaka ya 1968 na 1969, waliokumbuka mambo ya 1905 walikuwa vijana au watu wazima vita vya 1914 vilipowafikia. Mahojiano ya namna hiyo, popote yalipo, yasomwe upya na wanaisimu, si na wanahistoria peke yao. Na kanda zinukuliwe kwa Kiswahili au kwa lugha ya msemaji, viambishi vyote vikiwa mahali pake, tafsiri ikiwekwa kando. Anayetuletea muhtasari wa Kiingereza pekee ametuletea hukumu bila ushahidi. Kwa swali letu la Rufiji, hata kitenzi kimoja kilichonukuliwa kama kilivyotamkwa kingekuwa na uzito kuliko muhtasari wa kurasa kumi.