Mkono Unaojua Kuachia

Sheli yenye wahudumu wazuri utaijua kwa kutazama chini. Saruji kandokando ya pampu ni kavu, ubavu wa magari yanayotoka hauna michirizi, na ukiteremsha kioo harufu ya petroli haikukabi koo. Wengi wetu tunapita hapo na haraka zetu, tunalipa, tunaondoka, bila kujua kwamba tumehudumiwa na fundi. Kujaza tenki bila kumwaga ni ufundi kamili, wenye hatua zake na sababu zake, na unastahili kutazamwa kwa utulivu.

Katika sheli moja ya Barabara ya Morogoro, upande wa Kimara, yupo dada ambaye napenda kumwangalia akifanya kazi. Gari likisimama, neno lake la kwanza ni, "Zima gari, kaka." Kisha anauliza petroli au dizeli, hata kama imeandikwa kwenye kifuniko. Kifuniko chenyewe hakifungui kwa pupa. Anakizungusha nusu, anasubiri sauti ya mvuke unaotoka, ndipo anamalizia. Nozeli anaibeba mdomo ukiwa juu, kwa sababu ndani yake kuna mafuta yaliyobaki ya mteja aliyetangulia. Anauinamisha mdomo ukiwa tayari kwenye shingo ya tenki, anausukuma mpaka ukae sawasawa. "Sifuri hiyo," anasema, akikuonyesha mita, na hapo ndipo anabana.

Anaanza taratibu, anaongeza kasi mafuta yakishakubali kushuka, halafu anapunguza tena kabla ya mwisho. Nozeli ikikata, hachomoi. Anatulia kidogo ili mafuta yaliyo mdomoni yashuke, anaigongesha kwa upole kwenye ukingo wa shingo, anaugeuza mdomo juu ukiwa bado ndani, ndipo anaitoa, tambara likiwa limekingwa chini kwa mkono wa pili. Ni ule mzungusho wa kiganja anaoufanya muuza kahawa anapoinua mdomo wa birika, tone la mwisho likarudi ndani badala ya kuanguka.

Huko kukata kwa nozeli kuna akili yake. Karibu na ncha ya mdomo kuna kitundu kidogo, na kutoka hapo kijibomba chembamba kinarudi hadi kwenye mkono wa nozeli. Mafuta yakitiririka yanavuta hewa kupitia kitundu hicho. Yakipanda ndani ya shingo hadi kukiziba, hewa inakosa njia, mvuto unahamia kwenye utando ulio ndani ya mkono, utando unasogea, na kile kinachoshikilia mtiririko kinaachia: tak! Hakuna umeme wala kompyuta, ni hewa na mafuta tu.

Lakini kitundu kinajua jambo moja tu, kwamba mafuta yamefika kwenye ncha. Mengine yote ni ya mhudumu. Dizeli hutoa povu, na povu laweza kukata nozeli wakati tenki halijajaa. Mwenye subira anangoja povu litulie, asiye nayo anabana kwa nguvu na kuoga miguu. Bodaboda ndiyo mtihani mkubwa zaidi. Tenki lake halina shingo ndefu, nozeli haiwezi kuzama vya kutosha, na huwezi kuamini kwamba itakata kwa wakati. Chini ya tenki kuna injini ambayo imetoka kazini sasa hivi, bado inaunguza. Hapo dada yule anamwomba dereva na abiria washuke, pikipiki isimamishwe wima, kisha anaachia uzi mwembamba wa petroli huku jicho lake halitoki kwenye tundu. Anaacha nafasi juu, na anaacha kwa makusudi.

Nafasi hiyo ina hesabu. Petroli huvimba kwa takriban sehemu moja katika elfu kwa kila nyuzi moja ya joto. Inatoka kwenye matenki ya chini ya ardhi ikiwa na ubaridi wake, inaingia kwenye gari litakaloegeshwa juani Dar es Salaam. Lita 50 zikipata joto la nyuzi 10 zaidi, zinaongezeka karibu nusu lita, na nusu lita hiyo lazima iwe na pa kukaa. Magari mengi ya sasa yana pia kopo la mkaa la kunasa mvuke wa tenki. Ukilazimisha mafuta baada ya nozeli kukata, yanaweza kuingia humo na kuliharibu.

Na hapa ndipo sisi wateja tunapoharibu kazi ya fundi. Nozeli imekata, mita inasoma 97,400, nasi tunasema, "Malizia iwe laki." Kisa mara nyingi ni chenji tu. Nimemsikia akimjibu mzee mmoja kwa heshima, "Imejaa, mzee. Nikiongeza itamwagika," na mkono wake ulikuwa umeshaachia.

Katika jibu hilo kuna ulinzi mkubwa. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse kwenye joto letu. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kutafuta mabonde, na cheche yoyote inautosha. Tanzania inajua hilo kwa uchungu: Agosti 10, 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Tena petroli ina benzini, kemikali inayojulikana kusababisha saratani ya damu. Mteja anauvuta mvuke kwa dakika chache. Mhudumu anauvuta zamu nzima. Kila tone asilolimwaga ni tone ambalo pafu lake limesalimika nalo.

Kwa hiyo tumsaidie. Tuzime injini na sigara kabla hajatuomba, tushuke kwenye pikipiki, tulipe 97,400 kama ndivyo mita inavyosema. Na wenye sheli wasiwapime wahudumu kwa wingi wa magari peke yake. Wafundishe vijana wapya hatua hizi moja baada ya nyingine, wawape muda wa kuzifuata, na siku mteja akilalamika kwamba mhudumu amekataa kuongeza, meneja asimame upande wa mhudumu.