Kibao bila gazeti

Wenzangu pale kituo cha vijana walinicheka nilipowaonyesha kwenye simu picha za vibao vya zamani vya Le Petit Journal, gazeti la Paris. "Kibao cha duka ndiyo sanaa?" Nasema ndiyo, ila nina neno.

Kibao chenyewe ni bati la chuma lililopakwa unga wa kioo wenye rangi, likachomwa kwenye tanuru lenye joto la nyuzi kama 800. Ndiyo maana mvua ya miaka mia haijakifuta. Kilitundikwa mlangoni kwa muuzaji: jina la gazeti na bei, santimu 5. Ile bei ndiyo habari, jamani. Mwaka 1863 gazeti lilipoanza, mengine yalikuwa ya wenye pesa, wanaolipia mwaka mzima. Hili mfanyakazi alilinunua kwa sarafu moja, la siku hiyo tu. Miaka ya 1890 lilishapita nakala milioni moja kwa siku. Hapo nawapa heko.

Neno langu ni kwa wakusanyaji. Bati wanaligombea mnadani hata likiwa na kutu, lakini hawasemi mlangoni hapo kiliuzwa nini. Toleo la picha la gazeti hilohilo lilichora kwa rangi vita vya Ufaransa huku Afrika, wazungu wamesimama, sisi tunaanguka. Na Banania je? Kinywaji cha kakao na ndizi tu, lakini mwaka 1915 wakakibandikia askari mweusi anayecheka. Senghor, kabla hajawa rais wa Senegal, aliukasirikia mcheko ule katika kitabu chake cha mashairi cha 1948. Mikebe yake bado inatafutwa, inapangwa kwenye kabati kama pambo.

Sisemi waitupe. Siku tunakimbia mama alibeba sufuria na kadi zetu za chanjo, picha zote zikabaki nyumbani. Kwa hiyo mtu anayetunza kitu cha zamani mimi simcheki, hata kiwe kibaya. Nataka tu aandike nyuma yake: nani aliuza, nani alinunua, nani alichorwa bila kuulizwa.

Wiki iliyopita nikawaambia vijana wajaribu wenyewe. Mmoja akaleta kipande cha gunia la unga, nembo ya wafadhili bado inasomeka vizuri. Nikampa kalamu. Akakigeuza, akakaa nacho muda mrefu, akaomba aende nacho nyumbani kwanza amuulize bibi yake.